Maporomoko na Mabega

Muhogo ulifika Nyangwe kabla ya Mzungu wa kwanza. David Livingstone alipoingia katika soko la mji huo, mwishoni mwa Machi 1871, aliwakuta wanawake wamekaa na bidhaa zao, na muhogo ulikwisha kujipatia nafasi kati ya samaki, konokono waliokaushwa, chumvi, mawese na vyungu. Asili ya zao hilo ni Amerika ya Kusini. Wareno walilivusha bahari ya Atlantiki katika karne ya 16, halafu likaingia bara kwa mikono ya watu, shamba kwa shamba, bila msafara wala bendera. Leo mwambie mama wa Kasongo kwamba sombe anayoitwanga ni jani la ugenini, atakutazama kama mtu aliyepotea njia.

Naanza na muhogo kwa sababu sura hii inahusu viumbe wageni wanaoharibu mito, na neno "mgeni" lina hila. Huko huko Amerika ya Kusini, katika bonde la Amazoni, kuna mmea mwingine: ua lake ni la zambarau hafifu, majani yanang'aa, na vikonyo vyake vimevimba kwa hewa kama maboya. Nao ulisafirishwa na watu, kwa ajili ya uzuri wa ua tu. Tunauita gugu maji. Muhogo ulipewa jembe, ukafanya kazi, ukawa mwenyeji. Gugu maji halikupewa kazi yoyote, na tangu liwasili barani kwetu limekuwa likila meli, nyavu na pumzi ya samaki. Kwa hiyo kuuliza "limetoka wapi?" hakutoshi. Swali lenye faida ni hili: huko kwao kulikuwa na nini cha kulizuia, na ni nani aliyelivusha likaja mahali pasipokuwa na kizuizi?

Kwa swali hilo, Nyangwe ni darasa zuri kuliko maabara nyingi.

Lualaba ni jina la mto Kongo kabla haujafika Kisangani. Nyangwe ipo ukingo wa kulia, ukitazama maji yanakokwenda. Livingstone alikadiria upana wa mto hapo kuwa yadi 3,000, yaani kilomita 2.7 hivi, ingawa nadhani macho ya mtu aliyetembea miaka mitano akitafuta chanzo cha Nile yaliongeza kidogo. Juu zaidi, karibu na Kongolo, mto unabanwa na mawe mahali ambapo Wabelgiji walipaita Milango ya Jehanamu. Chini, kati ya Ubundu na Kisangani, unateremka maporomoko saba ya Boyoma, ambayo kwa urefu wa kilomita kama 100 yanaushusha mto mita 60 hivi. Kwa mwenye mtumbwi hayo ni mabalaa. Kwa samaki ni kuta. Aliyezoea maji ya chini hapandi, na wa juu akiteremka harudi. Miaka maelfu kwa maelfu ya kutorudi imezaa watu wa ukoo mmoja wasiofanana tena: bonde lote la Kongo lina aina za samaki zaidi ya 1,000, na nyingi kati ya hizo hazipatikani mahali pengine popote duniani.

Kwa mnyama wa miguu mambo ni kinyume. Ukuta wake ni mto wenyewe. Kuanzia Julai 1870 Livingstone alikwama Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, kwa muda wa miezi saba, nyayo zikiwa na vidonda visivyotaka kufunga. Katika kungoja kwake akaandika habari za mnyama ambaye wenyeji walimwita soko. Alidhani ni gorila. Alikuwa sokwe, na sioni haja ya kwenda mbali ili kuona udugu wa maneno hayo mawili. Angevuka Lualaba na kuzidi kwenda magharibi, angefika katika nchi ya sokwe wa namna nyingine, bonobo, ambaye sayansi haikumpa jina hadi Ernst Schwarz alipochunguza fuvu lililokuwa limehifadhiwa Tervuren, Ubelgiji, mwaka 1929. Mmoja mashariki, mwenziwe magharibi, na katikati maji ambayo hakuna anayeyaogelea.

Kuta hizo bado zinatoa siri. Mwaka 2007 watafiti wa kundi la John na Terese Hart walimwona kima asiyejulikana kwa sayansi, akiwa amefungwa nyumbani kwa mkuu wa shule huko Opala. Wenyeji walikuwa na jina lake tayari: lesula. Jina la kisayansi lilitoka mwaka 2012, na nchi yake ni kipande cha msitu kilichopo kati ya Lomami na Tshuapa, mito miwili iliyomfungia. Hifadhi ya Taifa ya Lomami, iliyoundwa mwaka 2016 katika mikoa ya Tshopo na Maniema, ilitokana kwa sehemu kubwa na kazi hiyo. Napenda kukumbusha kwamba ugunduzi huo ulianzia uani kwa mtu, penye kamba shingoni mwa mnyama. Msitu ulifuata baadaye.

Basi, kuta zipo. Sasa tuyatazame mabega.

Nyangwe ya karne ya 19 ilikuwa mji wa mabega. Kila kitu kilichotoka pwani kilibebwa: kitambaa, shanga, bunduki, baruti, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, kuvuka Tanganyika, kupita Kabambare, mpaka ukingoni mwa Lualaba. Kurudi, walibebeshwa pembe za ndovu, na wengi wa wabebaji hawakuulizwa hiari yao. Pamoja na mizigo hiyo ya kuuza ilipita mizigo ya kupanda. Mpunga wa Maniema ni urithi wa waungwana wa Nyangwe na Kasongo. Miembe ya kale ya pande hizo vilevile. Hakuna maporomoko wala mlima uliouzuia mwembe, kwa sababu mwembe haukupita majini. Ulipita mfukoni mwa mtu.

Tarehe 4 Machi 1893 majeshi ya Francis Dhanis, afisa wa Kibelgiji, yaliiteka Nyangwe, na muda mfupi baadaye wakubwa wapya wakaanza kujenga kitu ambacho misafara haikuwa nacho. Mwaka 1906 reli ilifunguliwa kutoka Kisangani, wakati huo Stanleyville, hadi Ubundu. Mwaka 1911 ikafuata nyingine, kutoka Kindu hadi Kongolo. Ukiziangalia kwenye ramani zinaonekana kama vipande vya kamba vilivyokatika, visivyoanzia wala kuishia penye maana. Maana yake iko majini: kila kipande kipo pale ambapo meli haipiti. Reli hizo zilijengwa ili kuruka maporomoko. Ya Kindu ilipita ukingo wa magharibi, Nyangwe ikaachwa ng'ambo ikipungua, lakini kwa mto wenyewe jambo kubwa lilikuwa limetendeka. Ukuta uliosimama tangu zamani za zamani ulipata ngazi.

Mwaka 1952 gugu maji lilionekana katika mto Kongo. Kufikia 1955 lilikuwa limeenea kilomita 1,600 hivi, kati ya Leopoldville, Kinshasa ya leo, na Stanleyville. Miaka mitatu tu. Na kumbuka kwamba mmea unaoelea hushuka na maji. Kuupanda mto mkubwa kwa nguvu zake hauwezi. Kipande kikijinasa kwenye ubavu wa jahazi la mizigo, au kikibaki ndani ya mtumbwi pamoja na nyavu, kimepata nauli.

Kipande kimoja kinatosha. Gugu maji huzaa kwa mbegu, na mbegu hizo hulala kwenye tope kwa miaka mingi zikingoja, lakini haraka yake iko kwenye vikonyo vinavyotambaa juu ya maji na kuchipua mmea mwingine, na mwingine, bila kungoja ua wala nyuki. Penye joto na maji yenye mbolea, eneo lake huongezeka maradufu kwa muda wa wiki mbili hivi. Chukua karatasi. Mita moja ya mraba leo, mbili baada ya wiki mbili, nne baada ya mwezi. Endelea hivyo mwaka mzima, mara 26, utapata zaidi ya mita za mraba milioni 67, yaani kilomita za mraba 67. Hakuna mto unaokubali hesabu hiyo mpaka mwisho. Mkondo hukata, mawimbi hupasua, chakula huisha. Ila hesabu inaeleza kwa nini mvuvi huona vishada vichache akapuuza, na msimu unaofuata mtumbwi wake hautoki.

Chini ya zulia hilo giza huingia. Mimea ya ndani ya maji hukosa jua, majani yaliyokufa huoza na kula hewa ya maji, na samaki wanaohitaji maji safi huondoka au hufa. Kambale huvumilia, maana anaweza kuvuta hewa ya juu. Serikali ya kikoloni ilijibu kwa sumu, ikinyunyiza dawa ya 2,4-D mtoni. Unaweza kukausha ghuba moja kwa sumu. Mto wenye visiwa vingi na vijito vya msituni visivyohesabika huwezi.

Jibu lililofanya kazi vizuri zaidi lilipatikana mashariki. Gugu maji lilionekana kwenye ziwa Victoria mwaka 1989, na mto Kagera, unaotoka Rwanda, ukaendelea kulileta kila siku kama tarishi. Mwaka 1998 upande wa Kenya peke yake, kwenye ghuba ya Winam inayotazamana na Kisumu, lilifunika hekta kama 17,000. Uganda ilianza kuachia fukusi mwaka 1995, Kenya ikafuata. Hawa ni wadudu wadogo wa jamii ya Neochetina, wa aina mbili, kutoka nchi ya asili ya gugu maji, ambao hawali kitu kingine. Mdudu mzima hukwaruza jani, kiluwiluwi hutoboa kikonyo na kukijaza maji, boya likazama. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zulia likapasuka. Wataalamu bado wanabishana ni sehemu gani ya sifa iwaendee fukusi na ipi iende kwa mvua na mawimbi ya El Niño ya 1997 na 1998. Nami naona ubishi huo una faida kuliko ushindi wa haraka, maana gugu limerudi Kisumu mara kadhaa tangu hapo, na maji machafu ya miji na mashamba yanalilisha kila linaporudi.

Muhogo wenyewe ulipitia mlango huohuo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, karibu na Kinshasa na Brazzaville, alitokea mdudu mweupe kama unga anayenyonya chipukizi za muhogo mpaka shamba zima likanyauka. Alitoka Amerika ya Kusini, kwao muhogo, ila adui zake walibaki huko. Mwaka 1981 nyigu mdogo anayetaga ndani ya mdudu huyo alipatikana Paraguay, na kundi la Hans Herren, likifanya kazi Ibadan, Nigeria, likamsambaza barani. Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Kwa miaka zaidi ya mia tatu muhogo ulikuwa umeishi Kongo bila adui wake huyo, na sisi tukadhani ni tabia yake kustahimili.

Hapa msomaji wa Mwanza ataniuliza: na sangara je? Sangara aliingizwa ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amechangia kufutika kwa aina kama 200 za furu, wale samaki wadogo wa rangi rangi ambao watafiti wa Kiholanzi na Kitanzania walikuwa wameanza kuwahesabu kwenye ghuba ya Mwanza mwaka 1977. Walianza kuhesabu maktaba, wakamaliza wakihesabu majivu. Lakini samaki huyohuyo katika mto Kongo ni mwenyeji wa siku zote. Wakongo humwita kapiteni na humheshimu mezani. Humo anaishi na samaki waliokua pamoja naye, wanaojua kumkimbia, penye mawe, mikondo na mafuriko yanayomnyima nafasi ya kuwala wote. Hakubadilika tabia alipofika Victoria. Aliyebadilika ni jirani.

Wala sangara hakutenda peke yake. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba furu wa kike humchagua dume kwa rangi, na kwamba maji yakichafuka rangi haionekani, aina zilizotengana kwa macho tu zikaanza kuchanganyika. Hakuna aliyeliwa, na bado aina imepotea. Habari hiyo hunirudia akilini kila nikiwaza Kabambare, nchi ya dhahabu, Namoya na Salamabila, ambako udongo wa mashimo huoshwa kwenye vijito na vijito huenda kwenye mto. Maji yakigeuka rangi ya chai ya maziwa, samaki anayechagua kwa macho huwa kipofu akiwa na macho yake.

Ili ujue kilichopotea, lazima mtu awe ameandika kilichokuwapo. Kwa Nyangwe tunalo daftari moja, na historia yake inaniumiza. Livingstone alikuwa ameishiwa karatasi, akawa anaandika juu ya gazeti kuukuu la London kwa wino wa mbegu ambazo jina lake aliliandika Zugifare. Msomaji wa Kiswahili atalisikia humo neno zingifuri, nami nadhani ndilo. Na kama ni mzingifuri tunaoujua sisi, basi nao ni mti wa Amerika. Wino ulififia kiasi kwamba kurasa hazikusomeka tena. Mwaka 2011 kundi la watafiti la Adrian Wisnicki lilitoa maandishi hayo baada ya kuyapiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, ile inayoonekana na isiyoonekana. Humo ndimo Livingstone alimoandika yaliyotokea tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu wa Dugumbe, mfanyabiashara wa misafara, walipofyatua bunduki katikati ya wanawake waliokuwa wakiuza na kununua. Mamia walikufa, wengi wao wakizama Lualaba wakijaribu kuvuka. Livingstone aliondoka Nyangwe siku chache baadaye. Yaani shahidi wetu wa vikapu vya samaki vya Nyangwe ndiye pia shahidi wa damu ya waliovibeba, na hatuwezi kuchukua nusu moja ya daftari tukaacha nyingine.

Wagenya, watu wa mto, ndio walioleta samaki na vyungu katika masoko hayo, na watu wa nchi kavu wakaleta muhogo na mawese. Soko la namna hiyo ni kituo cha utafiti kisichohitaji ufadhili. Mtafiti wa samaki anayejua kazi yake huenda sokoni alfajiri kabla ya kutega wavu wake, kwa sababu mama muuza samaki hutambua sura ngeni mara moja: hajui bei yake. Siku hizi kuna njia nyingine, ya kuchota chupa ya maji na kutafuta ndani yake mabaki ya ngozi na ute wa samaki, kisha kusoma chembe za urithi zilizomo. Ni njia nzuri. Lakini chupa huhitaji maabara, na maabara huwa mbali sana na Nyangwe. Mama yupo palepale.

Sura ambayo ningemwomba aiangalie kwa makini ni ya kawaida kabisa: perege, au kama wengi wanavyosema Kongo, tilapia. Lualaba ya juu na maziwa ya Upemba yana perege wao wenyewe, Oreochromis upembae. Tangu miaka ya 1940 Wabelgiji walihimiza ufugaji wa samaki, kituo chao kikubwa kikiwa Kipopo karibu na Lubumbashi, na perege wa Katanga akasafirishwa kupelekwa nchi nyingi za Afrika, huko naye akawa mgeni. Leo anayefugwa zaidi ni sato, perege wa Nile: hukua upesi, hula karibu kila kitu, na hana makuu kuhusu maji. Kwenye ziwa Victoria sato alimsukuma ngege pembeni, na ngege sasa hutafutwa kwenye maziwa madogo ya jirani kama Kanyaboli. Nchini Tanzania, Asilatu Shechonge na wenzake walichapisha mwaka 2019 matokeo ya kuchunguza mito na maziwa ya nchi nzima, wakakuta perege wa kuletwa ameenea katika mabonde mengi ambayo hakuwamo. Ubaya wa sato unaonitisha ni wa kimyakimya: huweza kuzaana na jamaa zake wenyeji, watoto wakawa si huyu wala yule, na wavu ukaendelea kutoka umejaa. Hapana mzoga, hapana zulia la majani, hapana mvuvi wa kulalamika.

Simlaumu mfugaji. Mahali ambapo barabara ni mbaya na nyama ni ghali, bwawa la samaki nyuma ya nyumba ni karo ya shule. Vifaranga hununuliwa mbali, humwagwa ndani ya bidoni la njano lenye maji nusu, bidoni hufungwa kwenye baiskeli, na baiskeli husukumwa milimani kwa siku kadhaa, kutoka bonde la mto huu hadi bonde la mto ule. Msukumaji husimama kila penye kijito ili abadilishe maji, wasife kwa joto. Bwawa huchimbwa bondeni, kwa kuwa huko ndiko kwenye maji, mara nyingi hatua chache kutoka kijito kinachokwenda mto Luama. Mvua kubwa ya usiku ikipasua tuta, asubuhi mwenye bwawa huingia topeni na ndoo kuokota waliobaki. Waliokwenda wamekwenda na Luama, na Luama huingia Lualaba juu ya Kasongo.